Mtumishi wa Serikali Kutoka Garissa: Kazi za Bw. Mohamed Yusuf Haji

Tarehe 15 Februari 2021 alifariki mjini Nairobi Bw. Mohamed Yusuf Haji, Seneta wa Garissa, akiwa na umri wa miaka 80. Siku iyo hiyo alizikwa katika makaburi ya Waislamu ya Lang'ata, kwa kuwa dini yake haipendi maiti acheleweshwe. Magazeti yalimtaja zaidi kama mwanasiasa, na kweli alikuwa Mbunge, Waziri na Seneta. Lakini siasa aliiingia akiwa mtu mzima, akikaribia miaka 60. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1960 hata 1997, alikuwa mtumishi wa Serikali katika utawala wa mikoa, ile idara ya ma-D.O., ma-D.C. na ma-P.C. iliyoitawala Kenya tangu siku za Waingereza. Humo alipanda ngazi mpaka akafika cheo cha juu kabisa, yaani Mkuu wa Mkoa.

Vijana wa leo hawamjui P.C. ila kwa hadithi za wazee. Yafaa basi kueleza kazi hiyo ilikuwaje, mtu aliipandaje, na kwa nini kwa kijana aliyezaliwa Garissa jambo hilo halikuwa jepesi kama lilivyokuwa kwa kijana wa Kiambu au wa Kisumu.

NCHI ILIYOFUNGWA

Garissa ni mji ulioko kwenye ukingo wa mto Tana, kiasi cha kilomita 370 kutoka Nairobi. Msafiri atokaye Nairobi huvuka daraja la Tana ndipo aingiapo mjini. Kando ya mto kuna mashamba na miti ya kijani. Ukiuacha mto mwendo mfupi tu, waingia katika nchi kavu ya miiba na mchanga, ambamo watu huishi kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi, wakihama kufuata mvua na visima. Huko ndiko alikozaliwa Bw. Haji mwezi wa Desemba 1940.

Wakati huo Garissa ilikuwa mojawapo ya wilaya za Mpaka wa Kaskazini, ambazo Waingereza waliziita kwa kifupi N.F.D. Wilaya hizo mwishoni mwa ukoloni zilikuwa sita: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Zilikuwa sehemu kubwa sana ya nchi, lakini Serikali ya Kikoloni haikuzitawala kama ilivyotawala sehemu nyingine. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1902 iliyoiruhusu Serikali kuifunga wilaya, mtu asiingie wala asitoke bila ruhusa ya maandishi. Tena ikaja sheria ya mwaka 1934, iliyowapa watawala wa huko uwezo wa kukamata watu na mifugo ya kabila zima ikiwa kabila hilo lilihesabiwa kuwa na uadui. Maana yake ni kwamba mtu mmoja akikosa, ngamia wa jamaa zake wote waliweza kuchukuliwa. Mtu wa Nyeri au wa Machakos alikuwa na malalamiko yake mengi juu ya Serikali, lakini sheria ya namna hiyo ya kila siku hakuizoea.

Mtawala wa nchi hiyo alikuwa D.C., Mwingereza aliyekaa bomani pamoja na makarani wachache na askari wa kienyeji walioitwa Dubas, waliojulikana kwa vilemba vyao vyekundu. Shughuli zake hazikuwa za kukusanya kodi peke yake. Alikata shauri la nani anyweshe kisima gani, na koo gani zichunge upande gani. Alisikiliza kesi za diya, yaani malipo ya damu, akikaa na wazee chini ya mti kutwa nzima. Alisafiri kwa ngamia au kwa lori, akalala porini, akaandika taarifa. Jambo ambalo hakulifanya sana ni kujenga shule. Shule za misheni, ambazo kwingine katika Kenya ndizo zilizowatoa makarani, walimu na wauguzi wa kwanza, huko hazikuenea, na za Serikali zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Kwa hivyo kijana wa Garissa aliyejua kusoma na kuandika mwaka 1960 alikuwa mtu adimu kama mvua ya Januari.

Hapo ndipo Bw. Haji alipoingia kazini. Ulikuwa mwaka wa mageuzi. Mwezi wa Januari 1960 hali ya hatari iliyotangazwa wakati wa vita vya Mau Mau iliondolewa, na wajumbe wa Kenya wakaenda London katika mkutano wa Lancaster House kuzungumza juu ya katiba. Ilionekana wazi kwamba maofisa Wazungu wataondoka baada ya miaka michache, na ya kuwa kazi zao hazina budi kushikwa na Waafrika. Mwaka 1961 chuo cha zamani cha Jeanes huko Kabete kiligeuzwa kuwa Chuo cha Utawala cha Kenya, ili kuwafundisha Waafrika kazi za bomani: sheria, hesabu za fedha, namna ya kuendesha baraza, namna ya kuandika barua ya Serikali isiyomkosea mtu adabu wala isiyoahidi jambo lisilowezekana. Bw. Haji mwenyewe alisomea pia uongozi wa kazi za Serikali na usimamizi wa fedha katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

SERIKALI YA NANI?

Mwanzo wa kazi yake uliangukia katika miaka migumu kuliko yote kwa watu wa kwao. Mwaka 1962 Serikali ya Uingereza ilipeleka tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada, kuwauliza watu wa N.F.D. wanataka nini uhuru utakapokuja. Tume iliona kwamba Wasomali, ambao walikuwa wengi, walitaka kujitenga na Kenya na kuungana na Jamhuri ya Somalia iliyopata uhuru mwaka 1960. Hata hivyo, mwezi wa Machi 1963 Waingereza walitangaza kwamba sehemu hizo za Wasomali zitakuwa Jimbo la saba la Kenya, Jimbo la Kaskazini Mashariki, lenye wilaya za Garissa, Wajir na Mandera. Somalia ilikata uhusiano wake na Uingereza mwezi uo huo. Uchaguzi wa Mei 1963 ulipofika, Wasomali wengi wa Jimbo hilo walikataa kupiga kura.

Katika hali hiyo, mtu aliyevaa sare ya Serikali alikuwa kama aliyesimama katikati ya mto wakati wa mafuriko. Jambo lililowapata watu wawili mwezi wa Juni 1963 laonyesha hatari yenyewe. Bw. Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa D.C. wa Isiolo, alisafiri pamoja na Chifu Haji Galma Dido wa Waborana katika kazi ya kuwashawishi watu wakubali kubaki ndani ya Kenya. Tarehe 28 Juni, upande wa Modogashe, walipigwa risasi wakafa wote wawili. Mtaa mmoja katikati ya mji wa Nairobi waitwa Wabera hadi leo, na maelfu ya watu hupita hapo kila siku wasijue jina hilo ni la nani.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi haujaisha Serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea mpaka mwaka 1967. Neno hilo shifta katika nchi za upande wa Uhabeshi maana yake ni mnyang'anyi, na wapiganaji wenyewe hawakulikubali. Magari yalikanyaga mabomu, maboma yalishambuliwa, na upande wa pili watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, mifugo yao ikachukuliwa au ikafa kwa kukosa malisho. Mapatano yalifikiwa Arusha mwezi wa Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi kati ya Kenya na Somalia. Lakini sheria za hali ya hatari hazikuondoka pamoja na vita. Zilikaa mpaka Novemba 1991, yaani karibu miaka 28. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha tena sheria iliyowakinga maofisa na askari wasishtakiwe kwa mambo yaliyotendeka katika sehemu hizo tangu tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967.

Msomaji na azingatie basi hali ya ofisa Msomali wa miaka hiyo. Nyumbani jamaa zake huenda walimwona kuwa mtu wa Serikali, na Serikali kwao ilikuwa ni askari na lori. Ofisini wenzake huenda walimwona kuwa Msomali, na Msomali siku hizo alishukiwa. Waliovumilia katika kazi hiyo hawakuwa wengi. Bw. Haji alikuwa mmoja wao, na kwa hili peke yake, hata mtu asiyempenda, hana budi kukiri kwamba alikuwa na moyo mgumu.

NGAZI YA UTAWALA

Utawala wa mikoa ulipangwa kama jeshi. Chini kabisa alikuwapo naibu wa chifu katika kata ndogo, juu yake chifu, juu ya chifu D.O. wa tarafa, juu ya D.O. ni D.C. wa wilaya, na juu ya wote P.C. wa mkoa. P.C. hakuwa na mkubwa mwingine ila ofisi ya Rais yenyewe. Kwa muda mfupi tu, tangu Juni 1963 hadi Desemba 1964, Kenya ilipokuwa na katiba ya majimbo, majina haya yalibadilishwa: P.C. akaitwa Katibu wa Jimbo na D.C. akaitwa Wakili wa Serikali ya Jimbo, nao wote wakapungukiwa na nguvu. Bw. Kenyatta alipoiondoa katiba ile na kuwa Rais, alirudisha majina ya zamani pamoja na nguvu za zamani. Wengi walishangaa kwamba Serikali iliyopigania uhuru iliendelea kutumia chombo kile kile cha wakoloni, pamoja na sare ya kaki na kofia. Sababu si ngumu kuiona. Ilikuwa ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kupeleka amri kutoka Nairobi hadi kijiji cha mwisho, na kuleta habari kutoka kijiji cha mwisho hadi Nairobi.

Kwa hivyo D.C. alikuwa na shughuli nyingi. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, ambamo polisi walikaa naye. Aligawa chakula cha msaada wakati wa njaa. Alisuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba. Siku ya sikukuu ya taifa ndiye aliyesimama jukwaani akasoma hotuba ya Rais. Na mtu yeyote aliyetaka kufanya mkutano wa hadhara, hata Mbunge katika eneo lake mwenyewe, alihitaji leseni yake. Jambo hili la leseni lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana, maana aliyeweza kuukataa mkutano aliweza pia kumzuia mtu asisikike. Sheria ya leseni haikulegezwa ila mwaka 1997, kabla ya uchaguzi, vyama vilipopatana kwamba mwenye mkutano atatoa taarifa tu polisi.

Desturi nyingine ya idara hiyo ilikuwa kumhamisha ofisa kila baada ya miaka michache, na aghalabu kumpeleka mbali na kwao. Serikali haikutaka D.C. awe na shamba, wakwe na marafiki wengi mno pale anapotawala. Ndivyo ilivyokuwa kwamba Msomali wa Garissa alikuja kuwa mtawala wa watu wa bara ambao lugha zao si yake. Cheo chake kilichojulikana zaidi ni cha Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa, makao yake yakiwa Nakuru. Mkoa huo ulikuwa mkubwa kuliko mikoa yote ya Kenya, kutoka Turkana kwenye mpaka wa Sudan mpaka Kajiado kwenye mpaka wa Tanganyika ya zamani. Ndani yake mlikuwamo wafugaji, wakulima wa mahindi, mashamba makubwa ya chai, na nyumbani kwa Rais Moi mwenyewe. Rais hakumweka hapo mtu asiyemwamini.

Miaka hiyo ilikuwa na watu wengine wa Kaskazini Mashariki katika vyeo vikubwa. Bw. Hussein Maalim Mohamed aliingia katika Baraza la Mawaziri mwaka 1983, wa kwanza katika Wasomali wa Kenya. Ndugu yake, Jenerali Mahmoud Mohamed, aliyeongoza askari waliozima jaribio la kuipindua Serikali mwezi wa Agosti 1982, akawa Mkuu wa Majeshi yote tangu 1986 hadi 1996. Mtu angeweza kudhani kwamba mambo ya Wasomali yalikuwa yamenyooka. Hayakuwa. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa moto na askari, baada ya maofisa wa Serikali kuuawa mjini humo, na wakazi wakazuiliwa uwanjani. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakafa; Serikali ilisema waliokufa ni 57, lakini tume ya ukweli iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 ilikadiria karibu 1,000. Na mwaka 1989 Wasomali wote wa Kenya waliotimiza umri wa miaka 18 waliamriwa wajiandikishe upya kuthibitisha uraia wao, jambo ambalo hakuna kabila jingine lililoamriwa. Mkuu wa Majeshi akiwa Msomali, jamaa zake walipiga foleni kuonyesha kwamba wao ni Wakenya.

BONDE LA UFA, 1991 NA 1992

Sehemu hii ya maisha ya Bw. Haji haiwezi kurukwa. Mwisho wa Oktoba 1991, katika shamba la Miteitei wilayani Nandi, watu walianza kushambuliwa na kufukuzwa katika makazi yao kwa sababu ya kabila. Moto huo ulienea katika wilaya nyingi za Bonde la Ufa na nje yake, wakati ule ule nchi ilipokuwa ikirudi katika siasa ya vyama vingi. Nyumba zilichomwa, watu wakakimbilia makanisani na kandokando ya masoko. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Bw. Kennedy Kiliku ilisema katika ripoti yake ya Septemba 1992 kwamba watu 779 walikuwa wamekwisha kufa.

Mkuu wa Mkoa wakati huo alikuwa Bw. Haji. Kwa mpango ulioelezwa hapo juu, yeye ndiye aliyeongoza kamati ya usalama ya mkoa, na taarifa za machifu na ma-D.O. zilipanda mpaka mezani kwake. Mwaka 1998 Rais Moi aliunda tume chini ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza mapigano hayo, nayo ripoti yake ilitangazwa kwa watu mwaka 2002. Tume iliwalaumu watawala na polisi kwa uzembe, na kwa kutowazuia wachochezi hali habari walikuwa nazo. Jina la Bw. Haji lilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa kwa lawama. Hakupata kushtakiwa mahakamani.

Wenye kumtetea husema kwamba P.C. hutekeleza amri, wala hana jeshi lake mwenyewe. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, lakini haitoshi. Cheo cha P.C. kilijengwa juu ya dai kwamba hakuna jambo linalotendeka mkoani asilolijua, na ya kuwa akisema neno, D.C., chifu na askari husikia. Kwa miaka mingi maofisa walijivunia dai hilo. Hawakuweza kulikana siku ya msiba.

KUINGIA SIASANI

Baada ya kuacha utawala mwaka 1997, Bw. Haji aliteuliwa kuwa Mbunge na kufanywa Waziri Msaidizi. Mwaka 2002 alisimama kwa tiketi ya KANU katika eneo la Ijara, kusini mwa Garissa, akashinda, hali chama chake kiliangushwa katika nchi nzima. Ijara ni nchi iliyopakana na Lamu, Tana River na Somalia, yenye msitu wa Boni upande mmoja. Humo hupatikana mnyama aitwaye hirola, aina ya swala ambaye karibu hayuko tena mahali pengine popote duniani. Wageni wa Ulaya huijua Ijara kwa sababu ya mnyama huyo kuliko kwa sababu ya watu wake.

Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Rais Kibaki alimfanya Waziri wa Ulinzi. Katika cheo hicho alikutana na jambo kubwa kuliko yote ya siku zake za uwaziri. Septemba na Oktoba 1991 Bonde la Ufa lilikuwa likielekea motoni. Miaka 20 baadaye, katika miezi iyo hiyo, ilikuwa zamu ya mpaka. Watu walitekwa nyara pwani ya Lamu na katika kambi za wakimbizi za Dadaab, wilayani Garissa, wakapelekwa Somalia. Tarehe 15 Oktoba 2011 Bw. Haji pamoja na Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, walitangaza kwamba Kenya itawafuata Al-Shabaab ndani ya Somalia. Siku ya pili yake askari walivuka mpaka, katika operesheni iliyopewa jina la Linda Nchi. Mwishoni mwa Septemba 2012 waliingia Kismayu pamoja na majeshi ya Kisomali waliokuwa nao.

Kuna jambo la historia hapa lisilokumbukwa na wengi. Kismayu na nchi yote ya Jubaland ilikuwa sehemu ya Kenya mpaka mwaka 1925, Waingereza walipoitoa kwa Waitalia. Mpaka wa sasa uliwapita katikati watu wa koo zilezile, wenye lugha moja na dini moja, wakawa hawa wa Garissa na wale wa Kismayu. Mwaka 1963 wengi wa watu hao walitaka mpaka huo ufutwe ili waende Somalia. Mwaka 2011 Waziri aliyelipeleka jeshi la Kenya ng'ambo ya mpaka alikuwa mtoto wa Garissa, aliyeanza kazi bomani wakati bendera ya Mwingereza ingali ikipepea.

Profesa Saitoti alipokufa katika ajali ya helikopta tarehe 10 Juni 2012, Bw. Haji alikaimu pia wizara yake kwa miezi kadhaa. Machi 2013 alichaguliwa Seneta wa kwanza wa Kaunti ya Garissa, na mwaka 2017 akachaguliwa tena. Alikuwa katika kiti hicho tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha walipoingia alfajiri katika Chuo Kikuu cha Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi.

Wakati huo utawala aliokulia ndani yake ulikuwa umebadilishwa. Katiba ya Agosti 2010 iliagiza upangwe upya ndani ya miaka mitano ili upatane na serikali za kaunti. Mikoa minane ikaisha kazi yake ya kisheria, kaunti 47 zikachukua mahali pake, kila moja na Gavana aliyepigiwa kura. P.C. na D.C. wakapotea, akabaki Kamishna wa Kaunti na manaibu wake, wakiisimamia kazi ya Serikali ya taifa, na machifu wakabaki walivyokuwa. Sare ya kaki haikubadilika. Garissa, iliyokuwa makao makuu ya mkoa wenye wilaya tatu, sasa ni makao ya kaunti, na fedha za kujenga zahanati au kisima hupangwa mjini humo humo badala ya kungojewa kutoka Nairobi. Watu wazima wa huko, waliozoea kumngojea D.C. chini ya mti, sasa humngojea Gavana, na malalamiko hayajapungua.

Kazi ya mwisho ya Bw. Haji ilikuwa ya upatanishi. Baada ya Rais Uhuru Kenyatta na Bw. Raila Odinga kupeana mikono tarehe 9 Machi 2018, iliundwa kamati ya watu 14 kuzunguka nchi na kuwauliza wananchi ni nini kiwagawanyacho, naye akafanywa mwenyekiti. Kwa mzee aliyeanza kwa kuendesha mabaraza, kazi hiyo haikuwa ngeni: kukaa, kusikiliza mtu mmoja baada ya mwingine, kuandika, kupeleka taarifa juu. Miongoni mwa mambo waliyoambiwa katika kaunti mbalimbali ni yale yale ya Bonde la Ufa, yaani ardhi, kabila na uchaguzi. Ripoti ya kwanza ilitangazwa Bomas of Kenya mwezi wa Novemba 2019, na ya pili mwezi wa Oktoba 2020, ikiwa na mapendekezo ya kubadilisha Katiba. Bw. Haji alikuwa mgonjwa miezi iliyofuata, akapelekwa Uturuki kutibiwa, akarudishwa nyumbani.

Miezi mitatu baada ya kifo chake, tarehe 13 Mei 2021, Mahakama Kuu ilisimamisha mabadiliko hayo ya Katiba, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa mwisho kwamba hayawezi kuendelea. Kiti chake cha Seneti kilichukuliwa mwaka 2021 na mwanawe, Bw. Abdul Haji, bila kupingwa. Mwanawe mwingine, Bw. Noordin Haji, aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma tangu 2018, alifanywa mwaka 2023 kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Taifa ya Ujasusi.